Tarehe Moja, Usiku Mara Mbili

Inspekta Mumbua alilisoma jarida la Bi Mahfudha tangu mwanzo hadi mwisho, akalirudia, na bado hakupata pa kushika. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, linanukia iliki na samli kama kila kitu katika duka lile la halua, pale mji wa kale wa Malindi. Kila jambo la biashara liliandikwa humo kwa siku yake: tarehe upande wa kushoto, maelezo katikati, na upande wa kulia safu mbili, kilichoingia na kilikotoka. Sukari imenunuliwa, sanduku la fedha limepungua. Halua imeuzwa, sanduku limeongezeka. Ndivyo watu wa kodi wanavyotaka kila mwenye duka aandike, na Bi Mahfudha alikuwa akiandika hivyo kila uchao tangu mumewe alipofariki na kumwachia duka.

Ubaya ulikuwa katika mistari minne. Ilitawanyika katika miezi minne tofauti, kwa mwandiko kama wa bibi, na yote ilisema neno moja: mwenye duka amechukua fedha za sanduku kwa matumizi yake. Miezi hiyo ndiyo ambayo kodi ya serikali haikulipwa.

Bi Mahfudha alisema hakuiandika mistari ile na wala hajui ilivyoingia. Fedha za kodi alikuwa akizitia katika bahasha na kumkabidhi Gerishom, mhasibu aliyekuja kila mwisho wa mwezi kulichukua jarida na kumtengenezea hesabu za serikali. Gerishom naye alisema bahasha za miezi hiyo minne hakuziona. Bibi mwenyewe amezitumia, alisema kwa upole, na daftari lake mwenyewe limeandika. Ni neno la huyu na neno la yule, ila la Gerishom lilikuwa na maandishi nyuma yake.

Kama hilo halikutosha, ofisa wa kodi aliyeileta kesi, Bwana Fondo, alikuwa amegundua kwamba tarehe za jarida hazipatani na za mashine ya risiti. Mauzo ambayo mashine iliyaweka tarehe tisa, jarida liliyaweka tarehe kumi, na si mara moja wala mbili. Fondo hakuwa mtu mkali, lakini hapo alisimama kidete. Daftari linalogombana na mashine, alisema, ni daftari lililopikwa. Alitoa muda hadi Jumatatu: ama maelezo yapatikane, ama duka litiwe kufuli na Bi Mahfudha ashtakiwe kwa kughushi hesabu.

Angeweza Mumbua kuifunga kesi siku ileile akaenda zake nyumbani. Wenzake kituoni walimtania kwamba yeye anaweza kumhoji hata paka aliyelala, na kusema kweli hawakukosea. Alizaliwa Kikambala, babake akitunza bustani za hoteli, na tangu utotoni hakuweza kuona mlango umefungwa bila kutaka kujua nyuma yake kuna nini. Mistari minne ilimwasha. Mwizi gani huyu, alijiuliza, anayejiibia mwenyewe, kisha akajiandikia ushahidi kwa wino?

Siku ya Jumatano alikwenda dukani asubuhi, kabla ya wanunuzi.

"Shikamoo, Bi Mahfudha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini usikae kiti hicho, kina mguu mbovu."

Mumbua alianza na maswali madogomadogo. Jarida hukaa wapi? Kabatini, na ufunguo hukaa shingoni mwa Bi Mahfudha, akaonyeshwa. Nani huandika? Bi Mahfudha peke yake, baada ya kufunga duka, na akiumwa humwachia Zuhair, mtoto wa nduguye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Zuhair ndiye auzaye usiku, wakati wateja wanapokuwa wengi, na ndiye aliyefundishwa kuandika na shangazi yake, kiasi kwamba herufi zao hazitofautiani. Daftari hutoka nje ya nyumba? Hutoka mara moja kwa mwezi, likichukuliwa na Gerishom, na hurudi baada ya siku mbili tatu.

Mumbua alifungua ukurasa wowote na kuuliza kwa nini kila tarehe huanza kwa neno Usiku, ndipo ifuate Asubuhi, kisha Alasiri. Bi Mahfudha alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini chai humiminwa kikombeni. Ndivyo inavyoandikwa, akajibu. Mumbua akadhani ni kwa sababu bibi huandika usiku, basi huanza na kilicho karibu. Akaliacha.

Zuhair alikuwa kijana mrefu, mpole wa kusema, kanzu yake nyeupe pepepe hata mahali penye samli kila upande. Mstari wa mwisho kati ya ile minne uliandikwa Ijumaa moja ya mwezi uliopita, ukaandikwa ni wa usiku. Basi Mumbua alianza na hapo.

"Usiku wa Ijumaa ile ulikuwa wapi?"

"Mambrui," Zuhair alijibu bila kufikiri. "Palikuwa na hitima ya babu. Duka halikufunguliwa usiku ule."

"Una hakika?"

"Afande, hitima ya babu yangu nitaisahau?"

Mumbua alishukuru, akapita uani kumwona Janet Kadii, mwanamke wa Ganze aliyekuwa akikoroga halua katika sufuria kubwa la shaba, mwiko mrefu kama kasia. Janet hakuacha kukoroga, maana halua ikiachwa huganda, lakini mdomo wake ulikuwa na nafasi. Alimkumbuka Zuhair siku ile vizuri sana. Ijumaa usiku Zuhair alikuwa papa hapa dukani mpaka kufunga, na alikuwa amekasirika kwa sababu mtu wa bodaboda alimwangushia trei nzima ya halua ya lozi. Mambrui? Mambrui walikwenda siku moja kabla, Alhamisi.

Mumbua aliiandika ile Alhamisi na kuipigia mstari. Hakuwahi kumnasa mtu kwa uongo mwepesi namna ile. Kijana anauza usiku, anajua kuandika kama shangazi yake, na ameulizwa swali moja tu akadanganya. Kulikuwa na nini zaidi cha kutafuta?

Alipokuwa akiaga, Bi Mahfudha alimshika mkono. Alisema risiti zake zote zimo katika kasha, na angependa zitazamwe mbele ya Zuhair, wote wakiwa wametulia, si hivi mlangoni. "Njoo usiku wa Ijumaa, baada ya Isha," alisema. "Utakula nasi kidogo." Mumbua alikubali, ingawa moyoni alijua kwamba usiku huo hatakuja kula.

Alhamisi yote na Ijumaa yote alifanya kazi ya kumzunguka Zuhair. Aliuliza benki, akauliza maduka ya simu, akauliza watu wa baraza anakokaa jioni. Kijana hakuwa na deni, hakuwa na pikipiki mpya, hakuwa na hata viatu vipya. Jambo hilo lilimkera Mumbua, kwa sababu mwizi wa miezi minne lazima fedha zake zionekane mahali. Hata hivyo uongo ni uongo, na Ijumaa alasiri alizitia karatasi za kumkamata katika mkoba wake.

Baada ya Isha alifika dukani. Taa ziliwaka, wanunuzi wamejaa, Zuhair anakata halua na kuifunga vikapuni. Bi Mahfudha alikuwa amekaa kwenye kiti kibovu. Aliitikia salamu kwa nusu ya sauti, akainuka, akamwongoza Mumbua chumba cha ndani na kufunga mlango.

"Nimefahamu," alisema. "Hukuja jana, ukawa unauliza habari zake barazani, basi nimefahamu. Umekwisha kumhukumu Zuhair."

"Bi Mahfudha..."

"Nisikilize. Yule sikumzaa, lakini sina mwingine. Siwezi kumwona anavikwa pingu mbele ya watu waliomjua tangu mtoto. Niandike mimi. Andika kwamba mistari ile ni yangu, fedha nimekula, nami nitatia sahihi sasa hivi. Nipe kalamu."

Alinyoosha mkono. Machozi yalimlenga lakini hakuyaruhusu. Mumbua alimwonea huruma sana, huruma ya kweli, na bado akili yake ilikuwa imenasa kwenye neno moja dogo, ikakataa kuliachia.

"Umesema jana," alisema.

"Nini?"

"Umesema sikuja jana. Mimi niliambiwa usiku wa Ijumaa."

"Naam. Tulikungoja jana mpaka kahawa ikapoa. Zuhair aliacha duka kwa ajili yako."

"Jana ilikuwa Alhamisi, Bi Mahfudha."

"Mchana," bibi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemweleza mtoto. "Mchana ilikuwa Alhamisi. Jua likishatua, usiku wa Ijumaa umeingia. Leo ni usiku wa Jumamosi. Huko kwenu Kikambala siku huanza lini?"

Mumbua alikaa kitako juu ya kasha la risiti. Kwao Kikambala siku ilianza kunapokucha, au kengele ya hoteli ilipolia, na usiku ulikuwa mkia wa siku iliyopita. Kumbe Zuhair hakusema uongo. Usiku wa Ijumaa alikuwa Mambrui kwenye hitima, kama alivyosema, na usiku huohuo Janet aliuita Alhamisi usiku, kama alivyosema yeye. Wote wawili walisema kweli, na Mumbua alikuwa karibu kumfunga mtu pingu kwa sababu ya kutojua usiku ni wa nani.

"Nipe jarida," alisema.

"Na kalamu?"

"Kalamu iweke. Hakuna anayetia sahihi chochote."

Alilifungua juu ya magoti, mashine ya risiti kando yake. Usiku, Asubuhi, Alasiri. Usiku, Asubuhi, Alasiri. Si kwamba bibi alianza na kilicho karibu. Aliianza siku inapoanza, magharibi, na kuimaliza alasiri, jua likielekea kuzama. Mashine, iliyotengenezwa na watu wengine kabisa, ilibadili tarehe katikati ya usiku. Mauzo ya jioni ya tarehe tisa yalikuwa kwa mashine ya tarehe tisa, na kwa Bi Mahfudha ya tarehe kumi, tena juu kabisa ya ukurasa. Mumbua alichukua risiti za mwezi mzima na kuurudisha kila mstari wa usiku kwenye tarehe ya mashine. Zikalingana mpaka senti. Ule ugomvi wote wa daftari na mashine, ambao Bwana Fondo aliuita upishi, haukuwa na zaidi ya hapo.

Akafungua ukurasa wa mstari wa kwanza kati ya ile minne. Juu: Usiku, mauzo. Kisha Asubuhi, sukari na kuni. Kisha Alasiri, halua ya harusi. Na chini kabisa, penye nafasi iliyobaki kabla ya tarehe nyingine: Usiku, mwenye duka amechukua fedha za sanduku.

Akafungua wa pili. Hivyohivyo. Wa tatu, wa nne, vilevile: usiku juu, usiku chini.

Aligeuza daftari ili bibi aone. Bi Mahfudha alivaa miwani, akafuata kwa kidole toka juu hadi chini, kidole kikasimama.

"Sasa huu usiku wa chini ni usiku gani?" aliuliza. "Siku imekwisha kwisha."

"Ndilo swali langu. Tarehe moja, usiku mara mbili. Zuhair angeweza kuandika hivi?"

"Zuhair? Amezaliwa chumba hicho hapo." Bi Mahfudha alivua miwani na kuifuta, akaifuta tena. "Hata akiwa na homa hawezi."

Aliyeandika, Mumbua aliwaza, ni mtu anayehesabu kama mimi. Janet naye alihesabu hivyo, lakini Janet hakuwahi kulishika daftari, na kabati lilikuwa na ufunguo mmoja. Tena mistari ile ilijazwa safu zote mbili sawasawa, kama afanyavyo mtu wa kazi hiyo. Jarida lilitoka nje ya nyumba mara moja tu kila mwezi, na lilikuwa kwapani mwa mtu mmoja. Moja ya kurasa zile nne ilikuwa ya siku ya Idi. Mumbua alimwuliza bibi kuhusu siku hiyo, akaandika majibu yote, na usiku uleule akazichana karatasi za kumkamata Zuhair.

Jumamosi asubuhi Gerishom alifika kituoni kwa hiari yake, shati limepigwa pasi, mkoba wa ngozi mkononi. Alitunza hesabu za maduka mengi na alizoea kusikilizwa. Mumbua alimkaribisha chai, akamwomba amsaidie kuelewa, kwa sababu mambo ya hesabu yanamchanganya. Gerishom alifurahi kusaidia.

Aliulizwa alijuaje kwamba bibi mwenyewe ndiye aliyechukua fedha. Alijibu kwamba kwanza daftari linasema, pili ameona kwa macho yake. Mara moja, alisema, alipita kumpa bibi mkono wa sikukuu, akamkuta anatoa fedha sandukuni.

"Lini hiyo?"

"Usiku wa Idi. Hata jaridani umo."

"Usiku upi, Bwana Gerishom? Nataka niandike vizuri."

"Wa Idi yenyewe. Watu wamesherehekea mchana kutwa, wamekwenda kulala, duka limetulia. Alikuwa peke yake."

Mumbua aliandika neno kwa neno, akamsomea, akamwomba atie sahihi, naye akatia. Kisha akamsogezea karatasi tupu na kalamu. Alisema ana jambo dogo la mwisho: tuseme Bi Mahfudha anamwambia mhasibu wake, nimeuza halua usiku wa Idi. Mhasibu ataliandika vipi jaridani? Gerishom alitabasamu na kupiga mistari. Aliandika tarehe ya Idi. Akaacha nafasi ya mauzo ya asubuhi, akaacha ya alasiri, na chini yake akaandika: Usiku, mauzo ya halua. Akajaza safu zote mbili vizuri.

Mumbua alilitoa jarida chini ya meza na kulifungua ukurasa wa Idi, kando ya karatasi ile.

"Tazama juu," alisema. "Usiku, mauzo makubwa. Mwezi uliandama, watu wakaja kununua halua mpaka ikaisha. Huo kwa watu wa nyumba ile ndio usiku wa Idi. Siku ya Idi yenyewe duka halikufunguliwa. Asubuhi hapana kitu, alasiri hapana kitu, mashine haikutoa risiti hata moja. Bi Mahfudha alikuwa Mambrui kwa jamaa zake tangu baada ya swala, akalala huko, na funguo za duka na kabati shingoni mwake. Nimekwisha zungumza na waliolala naye chumba kimoja. Wewe ulimpa mkono wa sikukuu nani?"

Gerishom alitazama ukurasa. Alitazama karatasi yake mwenyewe. Chai yake ilikuwa haijaguswa.

"Labda ni Zuhair aliyeandika," alisema. "Mwandiko wao ni mmoja."

"Zuhair angeandika juu."

Mumbua hakubishana naye. Alichukua ile karatasi ya mfano, akaitia katika bahasha, na kumweleza kwamba itakwenda kwa wataalamu wa mwandiko pamoja na jarida, kwa sababu neno Usiku sasa analo kwa mkono wa Gerishom mwenyewe, limeandikwa mbele ya polisi. Hapo ndipo Gerishom alipofungua kifungo cha shati shingoni. Aliuliza kama anaweza kumpigia wakili. Mumbua alimpa simu, na alipomaliza kuzungumza, akampeleka mahabusu.

Bwana Fondo alisomewa yote kwa simu. Aliomba aelezwe upya kuhusu magharibi, maana yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria. Alisema kufuli la Jumatatu halipo tena, na mashtaka hayapo. Kodi ya miezi ile minne bado itatafutiwa njia, lakini sasa itaulizwa kwa aliyeichukua. Ombi lake lilikuwa moja, kwamba hesabu za serikali zifuate tarehe ya mashine.

Mumbua alizipeleka habari mwenyewe, jua likiwa linazama. Zuhair alisikiliza akiwa amesimama nyuma ya meza ya kuuzia, kisha akaingia ndani, na kupitia mlangoni Mumbua aliona amemwinamia shangazi yake na kuubusu mkono wake. Bi Mahfudha alilia sasa, kwa nafasi, mtandio ukimfunika uso. Alipomaliza alipangusa macho na kuomba jarida lake.

"Kuhusu mashine," alisema, "mwambie Bwana Fondo nitaipigia safu yake ya tarehe, pembeni. Nayo ipate haki yake. Na hii mistari minne, naweza kuichana?"

"Usichane. Ni ushahidi."

"Hata hivyo jarida halichanwi," bibi alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Marehemu alinifundisha. Ukikosea hufuti. Unaandika mstari mwingine wa kusahihisha, ili kila atakayesoma aone kosa na aone lilivyorudishwa."

Alipata ukurasa mpya. Katika maelezo aliandika kwamba fedha zilizoandikwa matumizi ya mwenye duka si zake, zilichukuliwa na Gerishom, naye ndiye mdaiwa. Alijaza safu ya kwanza, akajaza ya pili, yote kwa mwandiko uliotulia. Kilichobaki kilikuwa nafasi ya kushoto. Muadhini wa msikiti wa jirani alikuwa amemaliza tu adhana ya magharibi, na nje kiza kilikuwa kimeanza kuingia.

"Leo tuandike tarehe ngapi, afande?"

Simu ya Mumbua ilikuwa juu ya meza, na kioo chake kilisema kumi na nane. Alitazama mlangoni, akaona jua limekwisha kuzama.

"Kumi na tisa," alisema.

Bi Mahfudha aliandika kumi na tisa, na mbele yake, juu kabisa ya siku mpya, akaandika neno la kwanza: Usiku.